Vitendawili vya Kompyuta Vyaingia Kibokoni

Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Desemba 2024. Tangu nistaafu kazi yangu ya ukarani bandarini, kila asubuhi hupita kwa ndugu yangu hapo Kibokoni kumwamkia mama, na siku hiyo nilikuwa na mfuko wa mahamri mkononi. Mlangoni nikakuta ndara nyingi za watoto, na ndani kimya. Ndugu msomaji, watoto wa Mji wa Kale kunyamaza robo saa kabla ya saa mbili ya asubuhi, tena siku za likizo, si jambo la kawaida. Moyo ukanipiga, nikadhani mama amenitoka.

Kumbe mama alikuwa salama kitandani pake, na tasbihi yake mkononi. Watoto walikuwa saba wamekaa juu ya mkeka, wameizunguka kompyuta moja ya kupakata, na katikati yao binti wa ndugu yangu, msichana wa miaka kumi na sita, amekodoa macho kwenye saa.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Shikamoo ami. Twangojea kitendawili. Chafunguliwa saa mbili barabara."

Nikaketi. Saa mbili ilipotimia binti alibonyeza kidude, na hapo pakawa na kelele za kila aina. Sikufahamu hata neno moja, lakini zile kelele nilizijua. Ndizo tulizokuwa tukizipiga sisi, ukumbini mwa nyumba hiyo hiyo, usiku wa Ramadhani, mama alipokuwa akitamka "Kitendawili!" nasi twaitika "Tega!"

Hapana budi nieleze kidogo, maana miongoni mwetu wako wengi walio kama mimi, ambao kompyuta kwao ni kitu cha kuandikia barua na kutazamia picha za wajukuu. Kompyuta haijui Kiswahili wala Kiingereza. Huambiwa la kufanya kwa lugha maalumu zilizotungwa na watu, na lugha hizo ni nyingi: iko Python, iko Ruby, iko Perl, na nyingine mia kidogo. Kila moja ina wenyewe waipendao na kuitetea, kama vile mtu wa Lamu asivyokubali kuambiwa kuwa Kimvita ni kitamu kushinda Kiamu. Na kwa kuwa wenyewe hao ni watu kama sisi, hawaitumii lugha yao kwa kazi tu. Wana misimu yao ya kucheza nayo.

Msimu mkubwa kuliko yote ni huo wa Desemba. Ulianzishwa mwaka 2015 na Mmarekani mmoja, Eric Wastl, naye akauita Advent of Code. Neno la kwanza ni la Wakristo, lina maana ya siku za kungojea Krismasi, ambazo watoto wa Ulaya hupewa kalenda yenye vidirisha wakafungua kimoja kila siku. Bwana huyo, badala ya peremende, ndani ya kila kidirisha ametia fumbo la hesabu lililofungwa katika hadithi. Mafumbo hufunguliwa usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani, ambao kwetu Mombasa ni saa mbili za asubuhi. Yaani wenzetu wa huko hukesha, na watoto wa Kibokoni huanza wakiwa wamekwisha kunywa chai. Kwa mara moja jiografia imetupendelea.

Fumbo la siku ile nililielewa baada ya binti kunifasiria. Unapewa orodha mbili za nambari, zenye mistari elfu moja. Uipange kila orodha kutoka ndogo hadi kubwa, uoanishe ndogo ya huku na ndogo ya kule, utazame kila jozi imeachana kwa kiasi gani, kisha ujumlishe tofauti zote. Na kila mchezaji hupewa nambari zake mbali, kwa hivyo kumchungulia mwenzio jibu hakukufai kitu. Kazi hiyo ingetuchukua makarani wawili siku nzima kwa kalamu na subira. Binti aliandika mistari michache ya Python, akabonyeza, jibu likatoka kabla sijamaliza hamri moja. Mara likafunguka fumbo la pili ndani ya lile la kwanza, maana ndivyo yalivyo: ukishinda la kwanza ndipo unapoonyeshwa kuwa hukuwa umeona kitu.

Ndugu yangu aliingia tukiwa katika hali hiyo. Alipofasiriwa maana ya jina, uso ulibadilika.

"Wataka kunambia," akaniuliza mimi, kana kwamba ndimi niliyeuleta mchezo, "kuwa nyumbani mwangu zahesabiwa siku za Krismasi?"

"Baba, mimi nahesabu nambari," binti akajibu kwa upole, bila kuinua kichwa.

Sitaki kumcheka ndugu yangu. Swali lake ni la mzazi Mwislamu yeyote wa mji huu, na mimi si mufti wa kulikata. Nami nikitazama mambo ya mabingwa wa kompyuta naona kweli kwamba kalenda wanayochezea si yetu. Kalenda ya watu wa Perl ilianza mwaka 2000, nayo ni ya Desemba. Lugha ya Ruby, iliyobuniwa na Mjapani Yukihiro Matsumoto, hutoa toleo jipya kila tarehe 25 Desemba, na desturi hiyo imeshikwa bila kuachwa tangu 2013. Mtoto wa Mombasa akitaka kucheza na wenzake wa dunia hana msimu mwingine wa kuingilia ila huo.

Wala si Desemba peke yake. Uko msimu wa pili, tarehe 1 Aprili, siku ambayo Wazungu hudanganyana. Wale wanaotunga kanuni za intaneti, watu wazima wenye vyeo, hutoa siku hiyo kanuni za mzaha zilizoandikwa kwa makini ya kanuni za kweli. Mwaka 1990 ilitoka moja ieleleza jinsi ya kupeleka habari za kompyuta kwa njiwa. Waungwana wanaofuga njiwa juu ya mapaa ya Mji wa Kale watafurahi kusikia kuwa mwaka 2001 kikundi kimoja cha mji wa Bergen, huko Norway, kiliijaribu kanuni ile kwa njiwa wa kweli. Walituma ujumbe tisa, wakapata majibu manne tu, na lile lililofika mbio kuliko mengine lilichukua kiasi cha dakika hamsini na tatu. Hao waliobakia sijui walitua kwa nani.

Mwaka 1998 ikatoka nyingine, ya namna ya kuliamrisha dele la kahawa kwa intaneti. Humo mwasemwa kwamba ukikiamrisha chombo kipike kahawa, na chombo chenyewe ni buli la chai, basi kikujibu kwa nambari 418, maana yake "mimi ni buli". Mzaha huo umeishi hata leo, na waandishi wa programu wengi huijua 418 kuliko nambari za nyumba zao. Nilimhadithia muuza kahawa wetu wa pale barazani. Aligonganisha vikombe vyake, akanambia kuwa yeye hajawahi kuulizwa chai na mtu mwenye akili timamu.

Ila kilichonifurahisha zaidi si cha msimu wowote. Mwaka 1972 wanafunzi wawili wa Princeton huko Marekani, Don Woods na James Lyon, walitunga lugha ya kompyuta ya kuchezea shere lugha nyingine, wakaiita INTERCAL. Katika lugha hiyo sharti uiombe mashine kwa kusema "tafadhali". Usiposema mara za kutosha, yakataa kazi kwa kuwa huna adabu. Ukizidisha, yakataa pia, kwa kuwa wajipendekeza. Mama alipotafsiriwa haya aliuliza huyo aliyeitunga mamake ni mtu wa wapi.

Mzaha wa Aprili, kwa upande wetu, una tatizo, maana uwongo kwetu umekatazwa hata ule wa kuchekeshea watu. Lakini fumbo si uwongo. Fumbo ni kweli iliyovaa buibui. Na hapo ndipo mama, aliyekuwa kimya muda wote ule, alipotia neno.

"Kila siku moja?" akauliza. "Na mwezi mzima? Basi hayo si mapya. Sisi twaliyafanya Ramadhani."

Sote tukageuka. Mama sasa ana miaka themanini na zaidi, na siku hizo alikuwa ameanza kunita kwa jina la marehemu baba. Lakini ya zamani alikuwa nayo. Akatuambia kuwa utotoni mwake, baada ya tarawehe, wanawake wa nyumba nne tano za mtaa ule walikuwa wakikusanyika ukumbini mwa mmoja wao, na kila usiku palikuwa na kitendawili kimoja cha usiku ule. Asiyekijua hulala nacho. Akishindwa kabisa, sharti atoe mji: "Nipe mji," huambiwa, naye huutaja, Malindi au Unguja, na mwenye kitendawili huupokea kwa madaha, akajitapa namna alivyokwenda huko akala na kunywa, ndipo akafumbua. Nasi hilo la miji twalikumbuka. Lile la kimoja kila usiku nilikuwa nimelisahau kabisa.

Baadaye nilikumbuka kuwa hata Misri wanalo. Redio ya Cairo ilikuwa ikitega mafumbo ya Ramadhani, fawazir, tangu miaka ya 1950, na kuanzia 1975 mchezaji Nelly akawa akiyatega katika televisheni, fumbo moja kila usiku, watu wakipeleka majibu kwa posta. Bwana Wastl hakuwa amezaliwa. Na mabingwa wa kompyuta wenyewe hawawezi kutamka jina la kazi yao bila ya kututaja: algorithi, yaani mpango wa hatua za kufuata hata ulifikie jibu, ni jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya tisa, lililogeuzwageuzwa na ndimi za Kilatini. Hili nilimwambia ndugu yangu. Hakusema kitu, lakini aliketi, akachukua hamri.

Binti naye hakusema kitu. Alikuwa amekwisha kuchukua daftari.

Tangu siku ile, kila alasiri, alikaa na bibi yake akiandika. Alikuwa na haraka, na sababu ya haraka yake tuliijua bila ya kuitaja. Kitu alichokitaka kwanza ni vitendawili. Lakini mama alikuwa akianza na kimoja anamalizia kwa kingine, na katikati akamfundisha jambo ambalo mimi mwanawe sikuwahi kuambiwa kuwa analijua, nalo ni kinyume.

Vijana wa leo hawakijui. Kinyume ni Kiswahili kilichogeuzwa: silabi ya mwisho ya neno huletwa mbele. Nyumba ni mbanyu. Haluwa ni wahalu. Kaimati ni tikaima. "Nipe kahawa" ni "peni wakaha". Wanawake wakisema mbele ya watoto na wageni, na msemaji hodari huenda mbio hata asiyejua adhani ni Kihindi. Askofu Edward Steere alikikuta Unguja akakitia katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870, kwa hivyo si mchezo wa juzi. Mama alipokuwa akikisema ulimi wake ulirudi ujana. Watoto walivunjika mbavu walipogundua kwamba babu kwa kinyume huwa buba, lakini bibi, mgeuze utakavyo, ni bibi.

"Mimi sigeuki," mama akasema, na huo ndio uliokuwa utani wake mwezi mzima.

Kufikia mwezi wa Shaabani binti alikuwa amekata shauri. Desemba itabaki ya wenyewe, naye hataacha kuicheza. Lakini Ramadhani ya mwaka 1446, iliyoangukia Machi 2025, atatega mafumbo ya kwao, kwa Kiswahili, moja kila usiku baada ya tarawehe, yatatuliwe kwa Python au lugha yoyote mtu aijuayo. Wenzake walikuwa kumi na mmoja, wa Kibokoni, Kuze na Bondeni, na mmoja wa Likoni, wengine aliojuana nao huko Swahilipot, kile kituo cha vijana wa sanaa na tekinolojia kilicho jirani na Ngome tangu 2016. Ndugu yangu alitoa sharti moja: likiingia kumi la mwisho, mafumbo yafungwe, watoto washughulike na ibada. Kwa hivyo mafumbo yakawa ishirini. Niliona ni haki.

Fumbo la usiku wa kwanza lilikuwa la kinyume: lilitolewa barua nzima iliyogeuzwa, na kompyuta itakiwe kuirudisha. La usiku wa tano lilikuwa la Nairuzi. Wazee wetu wa baharini walihesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa miongo hiyo wakajua lini kaskazi yaanza kulegea na lini kusi yafunga bahari. Lakini mwaka huo hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, basi polepole wasogea nyuma ukilinganishwa na kalenda ya Kizungu. Ulizo lilikuwa: nahodha ang'oa nanga mwongo fulani, miaka mia baadaye mwongo ule ule utaangukia tarehe gani? Nambari zake si ngumu. Lakini baba wa mtoto mmoja, ambaye babake alikuwa nahodha, alikesha na mwanawe mpaka daku akimweleza miongo, kitu ambacho hakikuwa kimemtoka kinywani kwa miaka.

Sasa nifike kwenye fumbo la usiku wa kumi na moja, maana hilo ndilo lililotutoa jasho.

Binti alitega hivi: unapewa maneno ya Kiswahili, iambie kompyuta ihesabu mizani. Kila mtu aliyefundishwa utungo ajua mizani ni mapigo ya sauti, nane kwa nane katika shairi letu la kawaida, na ukipungua mmoja wazee watakusuta. Ilionekana rahisi. Kijana wa kwanza aliiambia mashine ihesabu irabu: kila a, e, i, o, u ni mizani mmoja. Nyumba ikawa mizani miwili, sawasawa. Lakini "mtu" ukawa mmoja, na kila mtoto ajua ni miwili, m-tu. Wa pili akatengeneza: m ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe peke yake. Mtu ukawa sawa. Nyumba ikawa mitatu. Wa tatu akasema basi m ihesabiwe peke yake ila mbele ya b. Nyumba ikarudi kuwa miwili, ila mbu, yule mdudu, akawa mmoja, naye ni miwili, m-bu.

Usiku ule hapakulalwa. Asubuhi yake, baada ya alfajiri, walimwendea mama. Binti akamsomea, naye akahesabu kwa vifundo vya vidole, mato kayafumba.

"Nyumba mbaya," binti akasema.

"Nyu-mba mba-ya. Nne."

"Mtu mbaya."

"M-tu m-ba-ya. Tano."

"Lakini bibi, mbaya ni mbaya. Herufi ni zile zile."

"Herufi ni zako wewe," mama akasema. "Mimi sina herufi. Nina masikio." Kisha akawaongezea la kuwamaliza: "Na mbuni je? Ndege ni mbu-ni. Mti wa kahawa ni m-bu-ni."

Mimi, niliyeandika Kiswahili maisha yangu yote, nilikuwa nikisema hivyo kila siku na sikujua kuwa nasema hivyo. Ile mashine iliyojumlisha nambari elfu kabla sijamaliza hamri haikuweza kujua kama mbuni ni ndege au mti, maana tofauti haikuandikwa popote. Ilikuwa kinywani mwa watu. Hapakuwa na njia ila binti kuandika orodha, neno baada ya neno, mama akihesabu kwa vidole na yeye akiitia katika kompyuta. Walifika maneno mia mbili na kitu. Siku nyingine mama alichoka katikati, siku nyingine alihesabu neno lile lile mara mbili na hakukumbuka. Kwa hesabu ya binti bado maelfu.

Nilipokuwa nikiwatazama nilimfikiri Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu, aliyefariki yapata 1840. Kwa miaka mingi baada ya kufa kwake mashairi yake yalikaa katika vitwa vya watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akamfasiria Mwingereza William Taylor, na kitabu hakikuchapwa mpaka 1940, miaka mia baadaye. Laiti Mwalimu Sikujua angekuwa na shughuli nyingine miaka ile, leo tungelijua jina la Muyaka na machache tu. Hakuna ajuaye ni mangapi yaliyompita.

Desemba 2025 ikaja. Bwana Wastl alipunguza mafumbo yake, kutoka 25 hadi 12, na akaiondoa ile orodha ya washindi wa dunia nzima waliokuwa wakishindania sekunde. Tena huwaomba watu wasiyatatue kwa akili bandia, maana kitendawili ukijibiwa na mwingine umepata nini? Watoto walikaa tena mkekani, saa mbili. Ndugu yangu safari hii ndiye aliyenunua mahamri. Zilipokwisha zile siku kumi na mbili, binti alinionyesha hesabu nyingine: miezi yetu husogea nyuma kiasi cha siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Ramadhani ya 1454 yatazamiwa kuanza mapema Desemba 2032, Mungu akitujaalia kuuona mwezi. Mwaka huo misimu miwili itakutana. Kwa saa zetu fumbo la Marekani litafunguka asubuhi, na la Kibokoni usiku baada ya tarawehe.

Nimesahau kutaja fumbo la usiku wa ishirini, la mwisho kabla ya kufunga. Hilo halikuwa la kompyuta. Mama alitaka atege yeye mwenyewe, kwa mdomo, na watoto wote kumi na mmoja wakaja, pamoja na yule wa Likoni aliyevuka kwa feri.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Twalikwenda saba, tukarudi wanane, wala hakuzawa mtu."

Walifikiri. Walitaja kivuli, walitaja mwezi, walitaja maiti na jeneza. Mama akatikisa kitwa. Saa sita ya usiku walikiri kushindwa, na binti, kwa kuwa ni mjukuu, akatoa mji wa kwanza: "Twakupa Mombasa, bibi."

Mama aliupokea kama ulivyopokewa zamani. Akatuambia alivyoingia Mombasa, akashuka Ndia Kuu, akakaribishwa biriani na sharubati. Kisha akanyamaza. Tukangoja. Nikaona macho yake yatafuta ukutani, na nikafahamu kabla ya watoto: jibu lilikuwa limempotea.

Mtoto wa Kuze, kijana mwenye adabu, akadhani mji mmoja haukumtosha. "Basi na Lamu, bibi." Mama akaipokea Lamu. Mwingine akampa Malindi, mwingine Pemba, mwingine Barawa, kila mtoto mji wake, na kila mji mama akaenda, akala, akasifu, akarudi.

Kitendawili hicho kimeandikwa katika daftari, na mbele yake pameachwa nafasi tupu. Nimewauliza wazee wa Mkanyageni na wa Kuze, na hata bibi mmoja wa Jomvu; msomaji ajuaye jibu asitufiche. Mpaka sasa mama ana miji kumi na mmoja, na kila akituona huuliza kama tumekwisha kushindwa.